UZI: Hadrosaurus, dinosaria wa mdomo wa bata ambaye mdomo wake hakuna aliyewahi kuuona

FundiMawe #1

Wakuu, salaam kwenu. Kila mada ya dinosaria ikifunguliwa humu ndani inaishia kwa T. rex na meno yake. Leo tumpumzishe. Nawaletea mla majani mmoja wa Marekani ambaye hana umaarufu wowote kwenye sinema, lakini bila yeye wataalamu wangeendelea miaka mingi kuwachora dinosaria wote kama vifaru wenye magamba. Jina lake Hadrosaurus foulkii. Ndiye aliyeupa jina ukoo mzima wa dinosaria wenye mdomo wa bata, na kichekesho ni kwamba mdomo wake mwenyewe haujapatikana mpaka leo. Walipata mwili, fuvu hakuna.

Naandika kwa simu, kwa hiyo nitashusha kwa vipande. Maswali yaleteni. Matusi yapelekeni jukwaa la siasa.

Tuanze na mahali. Haddonfield ni mji mdogo jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto Delaware ukitokea Philadelphia. Karne ya 19 wakulima wa huko walikuwa na mbolea ya kuchimba: udongo mzito wa rangi ya kijani iliyofifia, uliotuama chini ya bahari zama za dinosaria. Una potasiamu nyingi. Walikuwa wanachimba mashimo, wanapakia kwenye mikokoteni, wanamwaga mashambani. Na ukichimba tope la bahari ya kale huwezi kukosa kukutana na vitu: magamba ya kombe, meno ya papa, mara mojamoja mfupa.

Mwaka 1838 au karibu yake, kwenye shamba la bwana mmoja anaitwa John Estaugh Hopkins, wachimbaji walikutana na mifupa mikubwa, mingi ikiwa pingili za uti wa mgongo. Hopkins akaichukua, akaiweka nyumbani. Mgeni akija anaonyeshwa, akiipenda anapewa anaondoka nayo. Ikaenda hivyohivyo mmojammoja mpaka ikaisha. Hakuna aliyeandika nani kachukua nini.

Naendelea baada ya muda.

---

Kijana wa Buza #2

Nimeweka kiti mbele kabisa. Shusha mkuu.

---

MamaTausi #3

Kwa hiyo mtu ana mifupa ya dinosaria sebuleni na anagawa kama maembe? Jamani.

---

FundiMawe #4

MamaTausi, usimlaumu dada yangu. Neno dinosaria lenyewe lilikuwa halijatungwa. Richard Owen wa Uingereza alilitunga mwaka 1842. Hopkins 1838 angeita nini?

Na hata yeye hakuwa wa kwanza eneo lile. Mwaka 1787 Caspar Wistar na Timothy Matlack walipeleka mbele ya jumuiya ya wasomi wa Philadelphia mfupa mkubwa wa mguu uliotoka Woodbury Creek, New Jersey hiyohiyo. Ukaangaliwa, ukawekwa, ukapotea. Wapo wanaodhani ulikuwa wa ndugu zake huyuhuyu Hadrosaurus, ila kwa kuwa mfupa haupo hakuna wa kuthibitisha.

Sasa ruka mpaka 1858. Kuna wakili wa Philadelphia, William Parker Foulke, mtu wa kupigania marekebisho ya magereza, na mwanachama wa Academy of Natural Sciences ya mji huo. Majira ya joto alikuwa anakaa Haddonfield, jirani na Hopkins. Wakala chakula pamoja, mazungumzo yakafika kwenye ile mifupa ya zamani. Foulke akauliza iko wapi. Imegawiwa. Akauliza shimo liko wapi. Lilishafukiwa na majani yameota juu yake.

Hapa ndipo namheshimu. Wageni wote waliopita pale miaka 20 walitaka mfupa. Huyu akaomba ruhusa ya kufukua shimo.

Akaajiri wachimbaji. Walikwenda chini karibu mita 3 ndipo wakaikuta mifupa kwenye udongo wa kijivu, imechanganyika na magamba ya viumbe wa baharini. Sasa angalieni kazi ilivyofanywa, maana kwa zama zile si kawaida: udongo unabanduliwa kwa kisu na mwiko, kila mfupa unapimwa na kuchorwa kabla haujasogezwa, unafungwa kwenye kitambaa, unalazwa juu ya nyasi kavu ndani ya mkokoteni, unapelekwa nyumbani kwa Foulke. Mifupa yenyewe ilikuwa myeusi ti, mizito kuliko mfupa wa kawaida, kwa sababu madini ya chuma yalikuwa yameingia ndani.

Foulke akawaita wataalamu kutoka Philadelphia. Alikuja Isaac Lea, bingwa wa magamba ya konokono na chaza. Na alikuja Joseph Leidy.

---

Ustaadh Mpole #5

Assalaam alaykum. Mimi nauliza kwa nia njema kabisa, sitaki ugomvi. Mnasema miaka milioni kadhaa. Nani alikuwepo akahesabu?

---

FundiMawe #6

Wa alaykum salaam shekhe wangu. Swali la haki. Hadrosaurus anawekwa kwenye miaka kama milioni 78 hadi 80 iliyopita. Hesabu haitoki kwenye mfupa wenyewe. Inatoka kwenye tabaka la udongo na viumbe wengine waliomo. Magharibi ya Marekani kuna matabaka ya bahari ya zama hizohizo yaliyochanganyika na majivu ya volkano. Majivu yana madini ambayo elementi zake huchakaa kwa mwendo unaojulikana na kupimwa maabara, kwa hiyo umri wa jivu unapatikana. Kwenye matabaka hayohayo kuna aina za konokono-pweze wa kale walioishi muda mfupi kisha wakatoweka. Ukikuta viumbe wa kipindi hicho New Jersey, unajua uko ukurasa gani. Shekhe, kukubali ama kukataa ni hiari, ila njia ndiyo hiyo.

---

Ustaadh Mpole #7

Jibu la kistaarabu. Endelea, nafuatilia.

---

Kijana wa Buza #8

Ngoja. Kama udongo ni wa bahari, dinosaria wa nchi kavu alifikaje? Alikuwa anaogelea?

---

FundiMawe #9

Alikufa, akaelea. Mzoga ukichukuliwa na mto unavimba, unasukumwa baharini, unaelea siku kadhaa huku unaachia viungo kimoja kimoja. Kichwa huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kudondoka, maana shingo ikioza hakishikwi na kitu kikubwa. Hii inaeleza vizuri kwa nini pale shambani tulipata miguu, mkono, nyonga, pingili nyingi, vipande vya taya na meno machache, lakini fuvu hakuna. Liko mahali chini ya Atlantiki ya kale.

Haya, turudi kwa Leidy, mwanamume ninayempenda kuliko wote kwenye kisa hiki.

Joseph Leidy alizaliwa Philadelphia mwaka 1823. Daktari, mwalimu wa anatomia, bingwa wa darubini. Mwaka 1846 aliona vidoa vidogo kwenye kipande cha nyama ya nguruwe alichokuwa anakula, akakipeleka kwenye darubini, akakuta minyoo ya trikinela. (Ustaadh usicheke.) Kwa hiyo ni mtu ambaye jicho lake halikuwa linapumzika hata mezani.

Kabla ya Haddonfield alishashika dinosaria wa Marekani, lakini kwa meno tu. Mwaka 1856 aliyapa majina meno yaliyoletwa na mwanajiolojia Ferdinand Hayden kutoka mto Judith, jimbo la Montana. Moja la majina hayo, Trachodon, lilikuja kusumbua watu kwa miaka mingi kwa sababu meno yaliyowekwa pamoja yalikuwa ya wanyama tofauti. Ndiyo shida ya kumtambua mnyama kwa meno peke yake.

Safari hii alikuwa na mwili. Na kitu cha kwanza alichofanya ni kitu ambacho mtu yeyote mwenye utepe wa kupimia angeweza kufanya: alilaza mfupa wa juu wa mkono kando ya mfupa wa paja. Wa paja unakaribia au kupita kidogo mita 1. Wa mkono haufiki hata theluthi mbili yake.

Tulieni hapo kwanza. Mnyama wa miguu minne ambaye mikono yake ni mifupi namna hiyo akisimama kwa minne atakuwa na makalio juu na pua ardhini. Leidy akafikia kwamba huyu alikuwa anasimama kwa miguu ya nyuma na kujiegemeza kwenye mkia, kwa mkao wa kangaruu, akivuta matawi kwa mikono. Akaliweka hilo mbele ya Academy mwezi Desemba 1858, akampa jina Hadrosaurus foulkii, yaani mjusi mkubwa wa Foulke. Ripoti kamili yenye michoro ilitoka mwaka 1865, mwaka aliofariki Foulke.

---

DokMsumbufu #10

Mkuu, usimpambe sana. Gideon Mantell wa Uingereza alishaona miguu ya mbele ya Iguanodon, dinosaria mla majani wa huko kwao, ni myembamba kabla ya Leidy. Na kangaruu ni kosa vilevile, dinosaria hakai hivyo.

---

FundiMawe #11

Dok nilijua utakuja. Yote mawili kweli. Mantell alitangulia kutia shaka. Lakini sauti iliyoshinda Uingereza ilikuwa ya Owen, na Owen alitaka dinosaria wa miguu minne, wazito, wima mfano wa kifaru au tembo. Mwaka 1854 sanamu za ukubwa halisi ziliwekwa kwenye bustani ya Crystal Palace, London, na Iguanodon wa pale ana miguu minne minene na pembe puani. Ile pembe baadaye ikaja kujulikana ni kidole gumba. Kidole gumba, Dok! Kimekaa puani mbele ya umati, na sanamu hizo zipo mpaka leo ukitaka kwenda kuziona.

Tofauti ya Hadrosaurus ni kwamba mifupa ya mbele na ya nyuma ilitoka kwenye mnyama mmoja, shimo moja, na kila mfupa ulichorwa mahali ulipolala. Hapo huwezi kumwambia Leidy kwamba kachanganya mkono wa mtoto na paja la mama. Kwa wakati ule ulikuwa mwili uliokamilika kuliko wa dinosaria yeyote aliyekuwa amepatikana Marekani, na mmoja wa iliyokamilika zaidi duniani.

Hiyo ya kangaruu tutafika.

---

Binti Lindi #12

Mie nina neno. Mifupa imechimbwa na vibarua. Imekaa kwa Hopkins, shamba la Hopkins. Jina kapewa Foulke. Hii nimeizoea, maana mie ni wa Lindi, Tendaguru najua habari zake. Wajerumani wamechimba 1909 hadi 1913, mababu zetu mamia wamebeba mizigo ya mifupa vichwani kutoka Tendaguru mpaka bandarini Lindi, mwendo wa siku nne, tani zaidi ya 200. Ukienda Berlin unamkuta yule dinosaria mrefu wa Tendaguru kasimama mita 13 na ushei. Jina lake la pili ni la Branca, bosi wa makumbusho kule Ujerumani.

---

FundiMawe #13

Binti Lindi, umegusa penyewe, na sitakupinga. Kwa Foulke nitasema neno moja tu la kumtetea: alitoa fedha yake, akatoa mifupa yote kwa taasisi ya umma, na Leidy ndiye aliyechagua jina. Lakini wachimbaji wa Haddonfield majina yao hayajulikani, na hilo halina utetezi.

Kwa Tendaguru jina moja angalau limerudi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na wataalamu waliosoma shajara za wakati ule wanasema mikono yake ilikuwa ya kuaminika kuliko ya wengi. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa shingo ndefu wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii. Imechukua karibu karne nzima, lakini liko kwenye vitabu.

Na kuna mwingine wa kwenu, huyu nanyamaza nisije nikaharibu uzi: mla majani mdogo wa miguu miwili, ndugu wa mbali wa hawa wa mdomo wa bata, anaitwa Dysalotosaurus lettowvorbecki. Ndiyo, Lettow-Vorbeck yuleyule jemadari wa Vita ya Kwanza. Jina alipewa na Wajerumani mwaka 1919 na haliwezi kufutwa kirahisi kwa kanuni za majina ya kisayansi.

---

Binti Lindi #14

Hee! Lettow-Vorbeck aliyetumaliza kwa kubebeshwa mizigo? Hapana hapana. Endelea tu kaka, nimechoka.

---

Mwakio KE #15

Wadau kutoka Taita hapa. Uzi mtamu. Nataka kujua ile mifupa ilienda wapi baadaye. Iliwekwa sandukuni ama?

---

FundiMawe #16

Mwakio, karibu. Miaka 10 ilikaa kabatini pale Academy. Halafu mwaka 1868 akaja Benjamin Waterhouse Hawkins.

Huyu Hawkins ndiye aliyechonga zile sanamu za Crystal Palace! Mchongaji wa Iguanodon mwenye gumba puani. Alikuja Marekani kuhutubia, akapewa kazi ya kutengeneza jumba la wanyama wa kale kwenye Central Park, New York. Akahitaji mifupa ya kujifunzia, akaenda Philadelphia, akapewa Hadrosaurus. Na akiwa na Leidy pembeni, mtu huyohuyo aliyewalaza dinosaria kwa miguu minne London akamsimamisha wa kwanza kwa miguu miwili. Kiunzi cha kwanza cha dinosaria kusimamishwa mahali popote duniani ndicho hicho.

Kazi haikuwa nyepesi. Mifupa mingi ilikosekana, kwa hiyo upande uliokuwepo ulitumika kuiga upande uliokosekana, kwa plasta. Chuma kikapindwa kushika uti wa mgongo. Na kichwa? Hakuna. Hawkins akatazama meno machache yaliyopo, akaona yanafanana na ya mjusi iguana, akafinyanga kichwa cha iguana mkubwa akakipachika juu. Kwa hiyo dinosaria wa kwanza kuonyeshwa kwa umma alikuwa na kichwa cha kubuni kabisa, na hakuna hata chembe ya bata.

Watu walijaa. Academy ilikuwa mahali pa wasomi wachache, ghafla mwaka 1869 wageni wakapita 100,000. Vumbi, kelele, vioo vinavunjika. Wakaanza kutoza kiingilio ili kupunguza umati, na msongamano ule ulichangia kuhamia jengo kubwa zaidi mwaka 1876. Nakala za plasta zikapelekwa Princeton, Smithsonian na Edinburgh.

Jumba la Central Park halikujengwa. Mwaka 1871 wahuni walitumwa kwenye karakana ya Hawkins wakaponda kila kitu kwa nyundo, wakati siasa za jiji zikiwa mikononi mwa genge la mafisadi la William Tweed. Hawkins akabaki na uchungu wake.

---

Kijana wa Buza #17

Siasa kila mahali aisee. Sasa huu mdomo wa bata mliutoa wapi kama kichwa hakipo?

---

FundiMawe #18

Kwa ndugu zake, kijana. Na hapa anaingia Edward Drinker Cope, kijana tajiri wa Philadelphia aliyevutiwa na mashimo ya New Jersey mpaka akahamia Haddonfield kwenyewe. Mwaka 1866 alimpata dinosaria mla nyama akamwita Laelaps. Jina likawa lilishachukuliwa na utitiri! Mpinzani wake Othniel Charles Marsh wa chuo kikuu cha Yale akambadilishia mwaka 1877, Dryptosaurus. Mwaka 1868 Cope alikuwa amempokea Marsh vizuri, akamtembeza kwenye mashimo. Marsh akarudi nyuma yake akaongea na wenye mashimo, visukuku vipya vianze kwenda Yale. Vita yao ya mifupa wengi wanaipeleka jangwani huko magharibi, lakini mbegu yake ilipandwa kwenye tope la New Jersey.

Ni Cope aliyepata kuelezea fuvu zima la mmoja wa ukoo huu mwaka 1883, lililotoka Dakota. Mbele limetandaa, pana, halina meno. Ndipo habari ya bata ikaanza, na ikaja na nyongeza isiyo sahihi: kwamba kwa kuwa ana mdomo wa bata basi aliishi majini akila majani laini. Picha za vitabuni miaka 80 iliyofuata zilimuweka kwenye kinamasi, maji kiunoni.

Lakini fungua mdomo uangalie nyuma. Mbele pana gamba gumu la kukatia, kama kucha nene. Nyuma kuna meno mamia kwa mamia, yamebanana safu kwa safu bila nafasi, jino likilika juu lingine limeshasukuma kutoka chini. Uso wa kutafunia kwa pamoja ni tupa ya seremala, ina mawimbi ya sehemu ngumu na laini. Mnyama wa kula magugu ya maji anahitaji tupa ya nini? Hizo ni mashine za kusaga vitu vigumu.

---

DokMsumbufu #19

Hapo ongeza yule mumia, mzoga uliokauka na ngozi yake.

---

FundiMawe #20

Nilikuwa nafika. Mwaka 1908 Charles Sternberg na wanawe walimpata Wyoming ndugu mwingine, Edmontosaurus, akiwa na alama za ngozi karibu mwili mzima. Magamba madogo ya duara, hayafunikiani, yamepangana kama vigae vya sakafuni. Yuko American Museum of Natural History, New York. Mikononi kulikuwa na kitu mithili ya utando katikati ya vidole, watu wakashangilia: mnaona, mwogeleaji! Kumbe ni nyama na ngozi iliyokuwa imefunga vidole pamoja kuwa kiatu cha kukanyagia, ikakauka ikabonyea. Utando wa kupigia kasia haukuwepo.

Mzoga mwingine wa aina hiyo ulikutwa na mabaki ya sindano za misonobari na vijiti tumboni. Mwaka 1964 John Ostrom akaweka hoja zote mezani: meno, miguu, tumbo, mkia. Huyu ni mnyama wa nchi kavu, mla majani magumu. Halafu mwaka 1970 Peter Galton akamaliza habari ya kangaruu. Mgongoni mwa hawa wanyama hadi mkiani kuna kano zilizogeuka mfupa, zimesukana kama wavu. Mkia hauwezi kupinda ukakaa chini ya mwili, ungevunjika. Kwa hiyo mgongo ulikuwa sambamba na ardhi, mkia umenyooka nyuma, na akitembea polepole anaweza kugusa chini kwa mikono.

Dok, ndiyo maana sikukimbilia kuilaumu kangaruu ya Leidy. Alikosea mkia. Miguu alipatia, na miguu ndiyo ilikuwa swali la siku ile.

---

Mwanadiaspora NJ #21

Nimeishi upande huu wa New Jersey muda mrefu, nimesoma uzi wote kwenye treni. Mahali penyewe sasa ni kibustani kidogo, mwisho wa mtaa wa makazi wa kawaida kabisa. Ukifika unaona jiwe lenye bamba la maelezo, na meza ambayo watoto huacha vidinosaria vya plastiki. Halafu kuna korongo lenye miti, mteremko mkali, chini kijito chembamba na tope. Hakuna tiketi, hakuna mlinzi. Miaka mingi pasingetambulika hata kidogo. Kijana wa skauti ndiye aliyepasafisha mwaka 1984 na kutafuta watu wa kuweka lile jiwe. Mwaka 1991 Hadrosaurus akawa dinosaria rasmi wa jimbo, baada ya mwalimu na wanafunzi wake wa shule ya msingi kuwasumbua wabunge mpaka wakakubali. Mwaka 1994 pakawa alama ya kihistoria ya taifa. Katikati ya mji kuna sanamu ya shaba tangu 2003, wanaiita Haddy, na hiyo ina mdomo wa bata.

---

MamaTausi #22

Sanamu ina mdomo lakini mwenyewe hana. Basi ni wa kukopa.

---

DokMsumbufu #23

Na jina lenyewe nusura likopwe. Mwaka 2006 Albert Prieto-Márquez na wenzake walisema mifupa ya Haddonfield haina alama ya kutosha kumtofautisha na wengine, kwa hiyo jina ni la mashaka. Ukoo mzima umebeba jina la mnyama asiyetambulika! Mwaka 2011 Prieto-Márquez huyohuyo akarudia kuichunguza, akaona umbo la mfupa wa mkono na nyonga linatosha, akamrudishia heshima yake. Siku hizi anawekwa karibu na shina la ukoo, kabla hawajagawanyika wale wa vishungi na wasio na vishungi.

---

FundiMawe #24

Asante Dok. Kwa wasiojua vishungi: wapo kama Parasaurolophus, kichwani ana bomba refu la mfupa linaloelekea nyuma, ndani lina uwazi unaoungana na pua. Wengi wanadhani lilikuwa la kutoa sauti. Na yupo Maiasaura wa Montana, viota vyake vilifukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Jack Horner na Robert Makela, vikiwa na vichanga ambao meno yao yalishaanza kulika huku miguu bado laini. Maana yake walikuwa wanakula wakiwa bado kiotani, na mtu mzima lazima alikuwa anawaletea. Hao wanastahili uzi wao.

---

Mwakio KE #25

Na Afrika je? Hawa wa mdomo wa bata walifika kwetu ama ni wa Marekani pekee?

---

FundiMawe #26

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa hapana. Wanajulikana Amerika, Asia na Ulaya. Afrika zama zile ilikuwa kisiwa, imezungukwa na bahari pande zote. Halafu mwaka 2020 timu ya Nicholas Longrich ikatangaza taya lililotoka kwenye machimbo ya fosfeti ya Morocco, miaka kama milioni 66. Mnyama mdogo, kama mita 3 tu. Wakamwita Ajnabia, mgeni, kwa sababu hakutarajiwa. Mwaka 2024 wakaongeza wa pili kutoka machimbo hayohayo, Minqaria bata.

---

Binti Lindi #27

Bata bata? Bata huyuhuyu wa kwetu?

---

FundiMawe #28

Huyohuyo, Kiarabu kimoja. Minqari ni mdomo wa ndege.

---

Kijana wa Buza #29

Alifikaje sasa kisiwani? Na msiniambie mzoga ulielea, mzoga hauzai.

---

FundiMawe #30

Kijana umeiva. Ndiyo, lazima walivuka wakiwa hai, na wawe zaidi ya mmoja. Ndugu zao wa karibu wako Ulaya, kwa hiyo walitokea kaskazini. Ama waliogelea, maana walikuwa na mkia mkubwa na miguu yenye nguvu na mifupa yao mingi hukutwa kwenye tope la mito na pwani, ama walichukuliwa na magogo na visiwa vya mimea vinavyong'oka mitoni wakati wa mafuriko. Tukio hilo si la kila mwaka. Lakini ukiwa na miaka milioni kadhaa mkononi, lisilowezekana leo linapata nafasi.

Huku kwetu wa mdomo wa bata hajapatikana. Tendaguru ni ya kale mno, miaka milioni 150, ukoo huu ulikuwa bado. Za karibu na zama zao ni zile za bonde la Rukwa na Songwe, na huko waliotoka ni wa shingo ndefu: Rukwatitan mwaka 2014, Shingopana 2017, Mnyamawamtuka 2019. Kazi ya kula majani ilikuwa na wenyewe.

---

Mwakio KE #31

Na upande wa Turkana?

---

FundiMawe #32

Mifupa ya shingo ndefu imetoka kaskazini mwa Turkana, milima ya Lapurr. Ya mdomo wa bata bado. Ukipita huko ukaona mfupa umechomoza kwenye mwamba, piga picha weka sarafu kando kwa kipimo, uache palepale, na uwajulishe makumbusho ya taifa.